Mpiga Ngoma Asiyetoka Jasho

Mpemba, Tunduma
11 Februari 2024

Baba mdogo Barnaba,

Shikamoo. Na mama mdogo Aida naye mfikishie shikamoo yake, usiile njiani. Sisi huku tunakwenda. Goti la mama limepungua uvimbe, jana alifika mpaka sokoni na kurudi akigombana na kila mtu, ndipo nikajua amepona. Mwanangu Lucky ameanza darasa la kwanza. Kitu alichojifunza hadi sasa ni kuwasalimia madereva wa malori "mulishani" ili wampe biskuti za Zambia. Foleni ya malori imefika tena mlangoni kwetu, tunalala na kuamka na muungurumo.

Nimekupigia simu weee mpaka nimechoka. Unapokea, unasema "haloo, haloo, mtandao mbaya huku," unakata. Akipokea mama mdogo, simu ile ile, jikoni pale pale, mtandao unakuwa mzuri. Basi nimeamua kuandika, kama wakati nipo bweni na wewe ndiye uliyekuwa ukinitumia barua na karanga baada ya baba kufariki. Deus, yule dereva wa gari la Isansa, amekubali kutubebea.

Jambo lenyewe ni hili. Kwaya yenu ilikuja Jumamosi kurekodi hapa chumbani kwangu. Niliegemeza magodoro ukutani, nikaning'iniza mablanketi mlangoni, wakajipanga humo wamebanana. Waliimba vizuri mno. Aliyekosekana ni wewe. Mwalimu wenu wa kwaya, Yonasi, alisema una mwiba mguuni. Pole na mwiba, lakini baba mdogo, tangu lini wewe unapiga ngoma kwa mguu?

Bila ngoma waimbaji walikuwa wanaukimbiza wimbo. Kwa hiyo pale pale nikatumia programu ya kompyuta ambayo ndani yake mna mpiga ngoma. Si mtu. Unachagua aina ya ngoma, nikachagua za ngozi, unamwambia apige polepole au haraka, kwa ukali au kwa upole, naye anapiga wimbo mzima bila kuomba maji. Nimempa jina Kefa. Yuko pale kushikilia nafasi tu, waimbaji wapate wa kumfuata. Ukija nakurekodi wewe juu ya sauti zao, Kefa namfuta.

Albamu inatakiwa iwe tayari kabla ya sikukuu ya mavuno, mwezi wa saba. Wimbo wa mavuno ni wako, hakuna mwingine aliyewahi kuupiga. Njoo basi. Moyo wangu hautulii mpaka nikuone umekaa na ngoma mapajani hapa chumbani.

Mwanao anayekungoja,
Jenista


Isansa
3 Machi 2024

Mwanangu Jenista,

Marahaba. Mama yako mdogo anasema marahaba yake hatoi kwa karatasi, anayemwamkia aje. Sisi wazima. Mvua inapiga hasa, mahindi yamesimama, na yule ng'ombe wetu Waziri ana mimba kubwa mpaka anatembea kama bibi harusi. Mwambie mama yako goti asiliamini upesi. Mpe Lucky pole ya shule.

Mwiba umetoka. Umeacha kidonda. Kidonda kikipona kuna palizi ya kahawa, na palizi ikiisha Waziri anazaa, siwezi kumwachia Aida peke yake. Kwa hiyo mwezi huu haiwezekani. Baada ya Pasaka nitaangalia.

Sasa huyo Kefa wako. Anatoka jasho? Mimi shati langu la Jumapili likianikwa, jirani anajua kama ibada ilikuwa nzito au nyepesi. Mpiga ngoma asiyetoka jasho ni wa kazi gani? Kule kanisani kwa ushirika wa jirani walinunua kinanda chenye ngoma ndani yake, kijana anabonyeza kidude, ngoma inajipiga. Mzee Osea aliyekuwa akiwapigia sasa anakaa benchi la nyuma na waliopitwa na wakati, anashika kofia yake magotini ibada nzima. Nilimwona kwa macho yangu. Sitaki, Jenista. Usinizoezee waimbaji na kitu hicho. Ukimaliza kazi naye mfungie humo humo ndani.

Halafu niambie bila kuzunguka, Yonasi amekwambia nini? Siku hizi baada ya ibada wakiwa wamesimama pale nje, nikisogea tu midomo yote inafungwa. Mimi nakaa mahali pangu kila Jumapili na hakuna aliyelalamika.

Simu usipige. Niandikie. Ukiandika nakuelewa vizuri sana.

Ni mimi baba yako,
Barnaba Haonga


Mpemba
24 Machi 2024

Baba mdogo,

Shikamoo tena, na hongera kwa ng'ombe, Deus amesema Waziri amezaa dume. Mama goti limemrudia, umesema kweli. Lucky amehamishwa dawati kwa sababu ya kupiga dawati kwa vidole mwalimu akifundisha. Tusimgombeze sana, hiyo damu tunajua alikoitoa.

Yonasi hajaniambia neno. Tunazungumza mambo ya kazi tu, lini itakwisha, basi. Ondoa wasiwasi huo.

Mimi wasiwasi wangu ni muda. Malori yananiharibia kazi, muungurumo unaingia kwenye maikrofoni hata nikiziba dirisha kwa godoro. Kwa hiyo naziosha sauti za waimbaji moja moja, kipande kwa kipande, mpaka macho yanawasha. Nikiinuka hapo sina hata hamu ya ugali.

Nakutumia kwa Deus redio ndogo ya kadi. Ndani kuna wimbo wa mavuno, sauti za kwaya na Kefa amewapigia. Usikasirike kabla ya kusikiliza. Sikiliza, uniandikie wapi Kefa amekosea, ili nijue wewe utaupigaje. Tena nakuomba uniambie tarehe. Tarehe kabisa, siyo "nitaangalia".

Nakusalimu kwa mikono miwili,
Jenista


Isansa
14 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Pasaka ilipita salama, tulikula nyama tukalala. Ndama ana afya na ana kichwa kigumu, Aida amempa jina la shemeji yake, nisilitaje hapa. Mbolea imefika kwa kuchelewa lakini imefika.

Redio nimeipata. Niliichukua mpaka shambani, nikakaa peke yangu kati ya mibuni nikausikiliza wimbo mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Kwaya wameimba vizuri. Lakini huyo Kefa, loo! Ana haraka ya nini? Anapenda kujionyesha. Mkono wake wa kushoto ni mzito, anafunika sauti za akina mama. Na pale wanaposhusha, kabla ya beti la tatu, ilibidi awaachie nafasi wavute pumzi, yeye amejaza ngoma tu kama anayefukuza nyani kwenye mahindi. Mwambie apunguze mkono wa kushoto.

Tarehe siwezi kutaja kwa sasa. Kahawa imeanza kubadilika rangi. Ila mahali pangu pasikaliwe na mtu, wala na kisicho mtu.

Baba yako asiyependa kuharakishwa,
Barnaba


Mpemba
28 Aprili 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Nyumbani wazima wote. Leo sina habari nyingine, nisamehe.

Jana nilifungua ule wimbo nimpunguze Kefa mkono wa kushoto kama ulivyosema. Nikakuta kitufe cha ngoma kimezimwa. Nilikizima mwenyewe siku ile nilipokuwa naosha kelele za malori kwenye sauti, nikasahau kukiwasha, nikautoa wimbo hivyo hivyo nikauweka kwenye kadi. Sikuamini. Nilitafuta nakala yangu ya kadi nikaisikiliza, nikamwita na mama aisikilize. Mna kwaya tupu mle, baba mdogo. Hakuna ngoma hata moja. Kefa hayumo.

Kwanza nilicheka. Nikasema mzee amenichezea, hakuisikiliza kabisa, amejitungia tu ili amtukane Kefa. Kisha kicheko kikakauka. Maana wewe usingeacha kusikiliza wimbo wa mavuno. Nakujua. Ungeusikiliza hata kama umeibiwa shamba.

Nikaanza kukumbuka. Simu na mtandao wako. Kwenye msiba wa mzee Nathanaeli nilikuita nikiwa nyuma yako hatua chache, nikakuita tena, ukaenda zako, nikadhani una uchungu. Lucky alikuimbia wimbo wa shule Krismasi, ukapiga makofi kabla hajamaliza, akanuna. "Ukiandika nakuelewa vizuri sana."

Baba mdogo, unasikia?

Na mimi nilikudanganya, nakwambia sasa. Yonasi alinipigia tangu Februari. Alisema mzee siku hizi anapotea, Krismasi aliipiga ngoma kwaya ikiwa imeshanyamaza. Akasema nimalizie albamu na kompyuta yangu, wao watakustaafisha kwa heshima siku ya mavuno, watakupa blanketi. Sikumjibu ndiyo wala hapana. Nilinyamaza nikiomba uje ukae pale upige, aone aibu yake. Sasa naogopa kila kitu. Naogopa wewe kutembea barabarani na haya malori. Naogopa mama mdogo hajui. Naogopa nimekuumiza kwa kuandika haya. Lakini kutoandika ningeugua.

Nijibu, tafadhali.
Jenista


Mpemba
19 Mei 2024

Baba mdogo shikamoo,

Wiki zinapita. Deus anaapa kwamba barua yangu alikupa mkononi, ukaitia mfuko wa koti bila kuifungua mbele yake, ukamuuliza habari za matairi. Mama mdogo nikimpigia anasema "yupo, anakula, ni mkali tu." Sijamwambia lolote. Nilipomuuliza mbona hacheki, akaniambia nawe mbona unauliza sana.

Kila lori likipiga honi hapa nje nashtuka, nakuona wewe katikati ya lami. Mama ananiuliza kwa nini siku hizi nakula nimesimama. Yonasi amekuja mwenyewe hadi hapa Mpemba, amekaa kwenye kiti changu, anataka wimbo wa mavuno. Nimemwambia kompyuta imeharibika. Kompyuta ilikuwa imewaka mbele yake, nimeifunika kwa khanga, na taa yake inapepesa chini ya khanga. Sijui kama aliiona. Aliondoka bila kuaga vizuri.

Siwezi kumwambia imeharibika milele. Niandikie. Hata kama ni matusi, yaandike niyasome.

Jenista wako


Isansa
2 Juni 2024

Mwanangu Jenista,

Marahaba yako hiyo, nimechelewa nayo. Kahawa tumeanza kuchuma, mikono imejaa utomvu, usishangae uchafu wa karatasi.

Barua yako niliibeba kwenye koti kama mtu anayebeba nyoka kwenye mfuko. Nilijua kilichomo kabla sijaifungua. Niliposoma kwamba hapakuwa na ngoma kwenye kadi ile, nilikaa chini pale pale kwenye mibuni. Halafu, ala! nikacheka peke yangu mpaka machozi. Mkono wa kushoto! Unajua, mpiga ngoma akiulizwa habari za mpiga ngoma mwenzake lazima amkute na makosa. Niliiweka ile redio kifuani, ikatetemeka, nikasema haya, hiyo ndiyo ngoma. Kumbe zilikuwa sauti za akina mama.

Sisikii, Jenista. Umeuliza, nimejibu. Ilianza mwaka juzi kama mvua juu ya bati ambayo haiishi. Kwanza sikio la kulia, halafu na lile lingine. Nilimwambia Aida naenda Vwawa kununua dawa ya kahawa, nikaenda hospitali. Daktari aliona napepesa macho tu, akaniandikia kwenye karatasi kwamba mishipa ya kusikia imekufa na hairudi. Nikamshukuru, nikanunua dawa ya kahawa ili nisirudi mikono mitupu.

Utauliza nimepigaje ngoma miaka yote miwili. Nampiga Fortunata. Maana yake, nampiga kwa kumtazama. Wewe unamfahamu, anasimama mstari wa mbele, mwisho kulia. Kwaya yetu haisimami kama milingoti, inacheza hatua, na Fortunata tangu usichana hajakosea hatua. Kisigino chake kikipanda nainua mkono, kikitua napiga. Krismasi alikuwa na malaria. Aliyesimama mahali pake alikuwa anaburuza miguu, nikapotea kabisa, ndipo Yonasi akaniona.

Sasa hapo kwako kuna miguu gani? Unaniweka peke yangu na magodoro, unanivika yale madude masikioni, unasema piga. Nifuate nini? Ndiyo maana ya mwiba. Ndiyo maana ya ng'ombe. Nilikuwa naogopa kuja kwako kuliko ninavyoogopa kufa, mwanangu. Niliogopa uniangalie wewe, niliyekushika mikono ukajua biti ni nini, unione nimekaa na ngoma na wimbo unapita na mimi siujui.

Basi weka Kefa. Nimechoka kujificha. Blanketi wakinipa nitalipokea, Isansa kuna baridi. Aida usimwambie.

Baba yako,
Barnaba


Mpemba
9 Juni 2024

Baba mdogo wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama hapo stendi, Deus akadhani nimepata msiba. Nimelia, nisikufiche. Nimekukasirikia pia, miaka miwili unatembea na jambo kama hilo peke yako kama mtu asiye na watoto!

Siweki Kefa. Sikiliza, yaani soma, kuna kitu nimekiona.

Programu ile ina dirisha lenye picha ya ngoma. Kefa akipiga kubwa, picha ya kubwa inawaka. Akipiga ndogo, ndogo inawaka. Sijawahi kuijali, ni pambo tu la kumfurahisha anayenunua. Sasa fikiri. Kwaya siku ile walimfuata Kefa, kwa hiyo ukimfuata Kefa unaifuata kwaya. Nimemnyang'anya madoido yote. Nimetafuta ile video ya mavuno ya mwaka jana kwenye simu, nimemtazama Fortunata visigino mpaka nimevijua kuliko vya kwangu, kisha nikampanga Kefa biti moja moja. Kisigino kikitua, ngoma kubwa inawaka. Beti linapokaribia kubadilika, ndogo inawaka peke yake kukuonya. Ngoma zake zote nimezizima sauti. Kazi yake ni kuwa miguu tu.

Nitaazima televisheni ya jirani niiunganishe, picha iwe kubwa. Na utavua viatu, ukanyage sabufa, ile spika ya mdundo, upate mtetemo wa kwaya. Sijui kama itafaa. Nimejaribu mwenyewe nikiwa nimeziba masikio kwa pamba, mara nyingine nimeweza, mara nyingine nimepotea vibaya. Naogopa nikuite uje ushindwe mbele yangu, kisha usinisamehe. Lakini naogopa zaidi nisikuite.

Jumamosi ya tarehe 22. Ngoma zako Deus atazifunga juu ya gari. Ukishuka usivuke barabara, nakuomba kwa jina la marehemu baba. Simama upande ule ule ulioshukia, nitakuja kukushika mkono.

Sijamwambia mtu yeyote.
Jenista


Isansa
30 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu za nyumbani kwanza. Nilifika salama, ngoma zilifika salama, na samaki wa Nakonde mliotufungia tumewala wote siku moja kwa ulafi. Mama yako mwambie goti nimeliona, aache kulikanda kwa chumvi.

Nimemwambia Aida. Nilimwandikia kwenye kipande cha gazeti nikakiweka kando ya sahani yake. Akakisoma, akala kwanza, akamaliza, akachukua kalamu akaandika chini yake, "Unadhani tangu mwaka jana ninakaa mbele yako mezani kwa sababu ya uzuri wako?" Mwanamke huyu! Kumbe alikuwa akihama kiti makusudi nimwone mdomo.

Na Yonasi nilimkuta mazoezini Alhamisi. Nilisimama mbele ya wote nikasema kwa mdomo wangu kwamba masikio yamekwisha, ninapiga kwa macho, mwenye neno aniandikie. Walitazamana. Fortunata alijifunika uso kwa khanga. Yonasi aliandika ubaoni kwamba kamati itakaa baada ya kusikia albamu. Kwa hiyo ndiyo hivyo, yote yanaingoja hiyo albamu yako.

Sasa nakuja kwenye kinachoninyima usingizi. Siku ile kwako nilipiga wimbo wa mavuno mpaka nikalowa mgongo. Zile taa niliziona vizuri, isipokuwa kuna mahali jasho liliingia jichoni. Nilipomaliza nikakuona umeinamisha kichwa juu ya meza, mabega yanatikisika. Ukainuka, ukanionyesha dole gumba. Nikaondoka.

Tangu hapo nawaza. Kulia kule kulikuwa kwa nini? Wewe ni mtoto mwenye huruma, tangu udogo ulikuwa ukificha kuku asichinjwe. Wimbo utapigwa kanisani, watu watacheza, watanipa mikono, na mimi nitakaa pale sijui ni mikono yangu wanayoisikia au ya Kefa. Ungeweza kumwasha tu. Kitufe kimoja, umesema mwenyewe. Hakuna njia yoyote ya mimi kujua, Jenista, mpaka naingia kaburini. Aida akisema ni mimi nitadhani ananipenda. Wewe ukisema ni mimi nitadhani hivyo hivyo.

Kama ni Kefa, niambie. Nitavumilia. Kisichovumilika ni kushangiliwa kwa ngoma nisiyoipiga.

Barnaba


Mpemba
7 Julai 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Huku salama, na kule natumaini kahawa inakauka vizuri kwenye vichanja na mama mdogo bado anakaa mbele yako.

Nakujibu moja kwa moja. Yonasi alikuja Alhamisi kuchukua kazi. Nilimvalisha hedifoni nikampigia wimbo wa mavuno, nikasimama nyuma ya kiti chake. Beti la kwanza alitulia. La pili akaanza kutikisa kichwa pole pole. Alipofika la tatu akavua hedifoni akaniambia, "Hapa ngoma imechelewa."

Ni kweli imechelewa. Pale akina mama wanapoingia tena, sauti zinatua na ngoma inafuata nyuma yao, kitambo kidogo hivi, kama mtu aliyesimama mlangoni akafuta uso kwanza ndipo akaingia. Halafu inawafikia, na ikiwafikia inapiga kwa nguvu kuliko mwanzo, na wimbo unainuka wote. Ulipofika hapo siku ile ndipo nilipolala juu ya meza. Nililia kwa sababu niliona umepotea, roho yangu ikaruka, na kabla sijafanya chochote ukajirudisha mwenyewe.

Yonasi alisema, "Sogeza basi, si kompyuta hiyo?" Ni kazi ya kidole kimoja kwelikweli, naishika ile ngoma naivuta mbele inakaa sawa. Nikamwambia sisogezi. Akaniangalia. Nikamwambia, mwalimu, ukitaka isogezwe tafuta prodyuza mwingine. Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Akavaa hedifoni tena, akaurudia wimbo wote, safari hii amefumba macho. Alipomaliza akasema, "Iache. Ni mzee Barnaba huyo." Akauliza kama anaweza kukaa kidogo ausikilize mara nyingine.

Kamati sijui itasema nini, sitakuahidi nisichokijua. Lakini ulitaka uhakika, na siku ya mavuno, albamu ikipigwa na kwaya wakiicheza, unaweza kuupata mwenyewe. Kaa mahali unapomwona Fortunata. Wimbo ukifika beti la tatu, tazama visigino vyake. Kama ni Kefa anayepiga, vitatua bila kusita. Ukiviona vimebaki juu kidogo vikingoja, basi ujue vinakungoja wewe, maana Kefa hajui kuchelewa.

Mwanao,
Jenista